Seva ya MySQL imegoma kuandika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu read_only na ruhusa za mayuza

Hapa tunaongelea zaidi MySQL 8. MariaDB nitaitaja pale inapoachana na mwenzie, na PostgreSQL ina swali lake huko chini. Amri nimeziacha kama zinavyoandikwa ili uweze kukopi, ila badilisha majina ya databesi kwanza.

Nimepata ERROR 1290, inasema seva iko kwenye --read-only. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu mkuu, tulia. Seva imewekwa isomwe tu na wewe umejaribu kuandika, basi. Usikimbilie kuizima hiyo read_only kabla hujajua uko kwenye seva ipi, anza na hii:

SELECT @@hostname, @@global.read_only, @@global.super_read_only;

Mara nyingi sana utakuta programu imeelekezwa kwenye replika (nakala inayofuata mabadiliko ya seva kuu) badala ya seva kuu yenyewe, mtu kabadilisha DNS au kachukua faili la konfigi la ripoti akaliweka kwenye apu ya mauzo, sasa ukizima read_only pale data zitaingia kweli, tatizo zinaingia kwenye nakala na seva kuu haitakaa izione, alafu siku ukija kugundua una oda za wateja ziko upande mmoja na malipo yako upande mwingine.

Na soma ujumbe mpaka mwisho. Namba 1290 hiyohiyo inatumika pia kwa --secure-file-priv, pale unapojaribu kutoa data kwenda kwenye faili kwa INTO OUTFILE, na kwa --skip-grant-tables, pale mtu aliyekuwa anarudisha paswedi ya root iliyosahaulika akaiacha seva hivohivo. Watu wengi wanaona 1290 tu wanaanza kuhangaika na read_only wakati kosa ni jingine kabisa.

Kwani read_only na ruhusa za yuza si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndo vurugu nyingi zinapoanzia. Ruhusa ni za yuza: huyu anasoma, yule anaandika, yule mwingine anafuta. read_only ni hali ya seva nzima, haijali umepewa GRANT (amri ya kutoa ruhusa) ya kuandika wapi, inasema tu kwa sasa hapa hakuandikwi, isipokuwa kwa wachache wenye ruhusa za juu kabisa ambao nitawataja chini. Amri yako ya INSERT lazima ipite kote kuwili. Ukiwa na ruhusa zote za INSERT na seva iko read_only unakwama, na seva ikiwa wazi lakini huna ruhusa unakwama pia, ila kosa linakuwa tofauti.

Namba za makosa ndo zinakwambia umekwama wapi. 1290 ni hali ya seva. 1142 ni ruhusa ya jedwali, itakwambia INSERT command denied na jina la yuza na la jedwali. 1044 ni databesi nzima huruhusiwi. 1045 hujaingia kabisa, paswedi au hosti sio. 1227 ni amri ya kiadmini unayoitaka na huna kiwango hicho. Ukimuomba mtu msaada tuma namba, sio "databesi imegoma", maana hapo hata fundi mzuri anabaki kubahatisha.

Mimi msimamo wangu ni huu: read_only sio ulinzi. Imewekwa ili replika isiandikwe kwa bahati mbaya na ili uweze kuhamisha seva bila data kubadilika katikati. Kama lengo lako ni kumzuia mtu asiguse data, mzuie yeye kwa ruhusa zake. read_only ni kibao cha "tumefunga" mlangoni, wenye funguo wanaingia kama kawaida.

Nimeandika read_only = ON lakini apu bado inaandika! Inawezekanaje?

Hao ndo wenye funguo. read_only haimzuii yuza mwenye ruhusa ya SUPER, au kwenye MySQL 8 mwenye CONNECTION_ADMIN, zote ni ruhusa za wasimamizi wa seva. Na ukichunguza apu nyingi utakuta zinaingia kama root, au yule aliyeziweka alichoka kutafuta ruhusa ipi inahitajika akaandika GRANT ALL PRIVILEGES ON *.* akaenda zake kula, na hiyo ALL kwenye *.* inabeba SUPER ndani yake.

Kujua nani wanazo:

SELECT grantee, privilege_type FROM information_schema.user_privileges WHERE privilege_type IN ('SUPER','CONNECTION_ADMIN');

Iendeshe ukiwa na akaunti ya juu, sababu yuza wa kawaida anaoneshwa za kwake tu. Orodha ikitoka ndefu kuliko watu mnaosimamia seva basi kuna usafi wa kufanya.

Kwa MariaDB mambo yamebadilika kwa hatua: kuanzia 10.5 kuna ruhusa inaitwa READ_ONLY ADMIN, na kuanzia 10.11 imetolewa ndani ya SUPER, maana yake kwenye toleo jipya mwenye SUPER peke yake haruki tena read_only mpaka apewe hiyo nyingine waziwazi. Ukiwa umehama kutoka toleo la zamani kwenda 10.11 na skripti yako ya usiku ikaanza kulia 1290 kwenye replika, angalia hapo kwanza.

super_read_only ni nini sasa?

Ni read_only isiyoangalia cheo. Iliingia MySQL 5.7.8, na ikiwa ON hata root anapigwa 1290. Hizi mbili zimefungwa pamoja: ukiwasha super_read_only, read_only nayo inawaka yenyewe, na ukizima read_only, super_read_only inazimika yenyewe. Kwahiyo ukitaka kufungua kila kitu amri moja inatosha, SET GLOBAL read_only = OFF; na ukitaka kufunga kila kitu ni SET GLOBAL super_read_only = ON;

Swali linalofuata huwa ni "si root anaweza kuizima tu alafu akaandika?" Ndio, anaweza. Lakini hapo amefanya makusudi, hawezi kusema ilikuwa bahati mbaya, alidhani yuko kwenye seva ya majaribio. Tofauti hiyo peke yake imeokoa data nyingi.

Ikiwa super_read_only imewaka kuna kitu chochote kinaandikwa bado?

Kipo. Replikesheni yenyewe inaendelea, nyuzi zinazopokea mabadiliko kutoka seva kuu hazizuiwi, ingekuwa hivo replika isingekuwa na maana. Majedwali ya muda, yale ya CREATE TEMPORARY TABLE, yanaruhusiwa, ndo maana ripoti nyingi zinafanya kazi kwenye replika bila shida. ANALYZE TABLE na OPTIMIZE TABLE zinapita. Na majedwali ya logi, mysql.general_log na mysql.slow_log, yanaendelea kujazwa kama umechagua logi ziende kwenye majedwali, kwahiyo usishangae diski ya seva "isiyoandikwa" inazidi kujaa.

Nikiwasha itabaki hivo hata seva ikirestati?

SET GLOBAL haibaki. Seva ikirestati inarudi kwenye konfigi, na kama konfigi haisemi kitu basi read_only ni OFF. Hii ni hatari kwa replika, umeme ukikatika usiku seva inaamka ikiwa wazi na hakuna anayejua. Kwenye MySQL 8 tumia SET PERSIST super_read_only = ON; inaandika kwenye faili la mysqld-auto.cnf lililoko kwenye saraka ya data. MariaDB haina SET PERSIST, kule andika kwenye my.cnf chini ya [mysqld]:

read_only = ON

Ila ukitumia PERSIST kumbuka kwamba faili lile linasomwa mwisho, linashinda my.cnf. Nimeona watu wanabadilisha my.cnf, wanarestati, wanabadilisha tena, wanarestati tena, wanaanza kutukana, kumbe thamani inatoka kwingine. Dawa ni RESET PERSIST super_read_only; Inaiondoa kwenye faili, alafu seva ikiamka tena itasikia my.cnf.

Kingine, mpangilio huu haupiti kwenye replikesheni. Ukiwasha kwenye seva kuu, replika hazibadiliki, na kinyume chake vilevile.

Nimeandika SET GLOBAL read_only = ON, amri imeganda tu haijibu.

Inasubiri. Ili iwake lazima amri zinazoendelea ziishe, commit (kuhifadhi mabadiliko) zilizo njiani ziishe, na kama kuna mtu ameshika LOCK TABLES ... WRITE au muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja) ulioshikilia majedwali basi unamsubiri yeye. Ubaya wake ni kwamba wakati wewe unasubiri, wengine wanaotaka kuanza muamala mpya nao wanapanga foleni nyuma yako, kwahiyo kweri moja ya ripoti iliyoanza saa moja iliyopita inaweza kugandisha apu nzima kupitia mgongo wako.

Fungua koneksheni nyingine, andika SHOW FULL PROCESSLIST. Uone nani ana muda mrefu. Ukiona ni ripoti ya kawaida iue kwa KILL na namba yake. Kama ni muamala mkubwa unaofuta mamilioni ya mistari fikiri mara mbili, sababu ukiuua unaanza kurudishwa nyuma na kurudisha kunaweza kuchukua muda kuliko kuuacha umalize. Hapo bora ukatize amri yako wewe, Ctrl+C, urudi baadae.

Na kama mwenye LOCK TABLES au muamala ulio wazi ni wewe mwenyewe kwenye sesheni hiyohiyo, haitasubiri, itakukatalia na kosa papo hapo.

FLUSH TABLES WITH READ LOCK si ndo kitu kilekile?

Vinafanana kwa mbali tu. Hii kufuli inashikwa na sesheni yako, ukikata koneksheni inaachia, hata kama imekatika kwa sababu intaneti imezingua. Na haitoi kosa kwa wanaoandika, inawaacha wananing'inia wanasubiri, kwa mtumiaji wa apu anaona kaduara kanazunguka tu mpaka anachoka. read_only inawarudishia kosa hapohapo. Kwa bakapu ya kushika sekunde chache FLUSH inafaa, kwa kuhamisha seva tumia super_read_only. Kuachia kufuli ni UNLOCK TABLES;

Nataka yuza wa kusoma tu kwa ajili ya ripoti au mkaguzi. Nifanyeje?

CREATE USER 'mkaguzi'@'10.0.5.%' IDENTIFIED BY 'paswedi ndefu hapa';
GRANT SELECT, SHOW VIEW ON duka.* TO 'mkaguzi'@'10.0.5.%';

Kwenye MySQL 8 lazima amri ziwe mbili, ile zamani ya GRANT peke yake kumuumba yuza imeondolewa, na mafunzo mengi ya zamani yaliyozagaa mtandaoni yatakupa kosa.

Usimpe SELECT ON *.* kwa sababu ya uvivu. Hiyo inaingiza databesi ya mysql yenyewe, ambako kwenye jedwali la user kuna kolamu ya authentication_string, yaani heshi za paswedi za kila mtu pamoja na root. Mtu anaitwa msomaji tu kumbe amesoma kila kitu. FILE nayo usimpe, inamruhusu kusoma mafaili ya seva kupitia MySQL, na PROCESS inamwonesha kweri za wengine zinazoendelea, ambazo wakati mwingine zina namba za simu na vitambulisho vya wateja ndani yake.

Kama kuna kolamu nyeti, ruhusa inaweza kwenda mpaka kwenye kolamu:

GRANT SELECT (id, tarehe, kiasi) ON duka.mauzo TO 'mkaguzi'@'10.0.5.%';

Ila hii haifanyi kazi kama ulishampa SELECT ya duka.* juu yake, ruhusa zinajumlishwa, hazipunguzani. Akiwa na ruhusa ya kolamu tu, SELECT * itamkatalia na ataanza kukupigia simu, mwambie ataje kolamu anazozitaka. Mimi binafsi napendelea kumtengenezea VIEW (SELECT iliyohifadhiwa inayosomwa kama jedwali) yenye kolamu zinazofaa na kumpa SELECT ya hiyo VIEW tu, ukaguzi unakuwa rahisi na simu zinapungua.

Na kitu kidogo kinachosahaulika: kwenye GRANT, mstari wa chini ndani ya jina la databesi unahesabiwa kama herufi yoyote moja. Ukiandika ON `duka_dar`.* umegusa pia databesi inayoitwa dukaxdar kama ipo. Ukitaka ile moja tu andika `duka\_dar`.

Kuna mayuza kumi wa aina hiyo, kila mmoja nimwandikie?

MySQL 8 ina ROLE, yaani fungu la ruhusa lenye jina. Unatengeneza moja, unaipa ruhusa, alafu unawagawia watu:

CREATE ROLE 'msomaji';
GRANT SELECT, SHOW VIEW ON duka.* TO 'msomaji';
GRANT 'msomaji' TO 'mkaguzi'@'10.0.5.%';
SET DEFAULT ROLE ALL TO 'mkaguzi'@'10.0.5.%';

Ule mstari wa mwisho ndo unaosahaulika na watu wote. Bila huo yuza anaingia, SHOW GRANTS inaonesha anayo ROLE, lakini akifanya SELECT anakataliwa, kwa sababu ROLE haijaamshwa kwenye sesheni yake. Au washa activate_all_roles_on_login kwenye seva nzima uachane nayo, kwa kawaida iko OFF.

Nimempa ruhusa lakini bado anakataliwa. Na yule niliyemnyang'anya bado anaandika!

Kwanza hakikisha ni yuza yuleyule. Kwa MySQL 'mkaguzi'@'localhost' na 'mkaguzi'@'%' ni watu wawili tofauti, kila mmoja na paswedi yake na ruhusa zake, na mtu akiingia seva inachagua ile yenye hosti iliyo mahususi zaidi. Mwambie aandike SELECT USER(), CURRENT_USER(); ya kwanza ni alivyojitambulisha, ya pili ni akaunti ambayo seva imemhesabia. Hiyo ya pili ndo ya kuangalia ruhusa zake.

Pili ni muda. Ruhusa za jedwali na kolamu zinafanya kazi kwenye amri inayofuata. Za databesi zinafanya kazi atakapofanya USE tena. Za *.* haziathiri koneksheni iliyo wazi kabisa, mpaka akate aingie upya. Sasa apu nyingi zinatunza koneksheni wazi masaa na masaa, kwahiyo umeinyang'anya SUPER saa nne asubuhi na mpaka jioni bado inaruka read_only kama kawaida. Ukishanyang'anya, restati apu au ziue koneksheni zake.

FLUSH PRIVILEGES haisaidii hapo. Inahitajika tu kama umebadilisha majedwali ya mysql moja kwa moja kwa INSERT au UPDATE, jambo ambalo usilifanye. Ukitumia GRANT, REVOKE na CREATE USER seva inajua yenyewe, ile FLUSH inayowekwa mwisho wa kila mafunzo ni mazoea tu.

Yuza mwenye SELECT tu anaweza kuniletea madhara?

Anaweza sana. Kweri moja inayounganisha majedwali mawili makubwa bila indeksi inakula CPU na diski ya seva nzima, na wateja wanaolipia bidhaa wanasubiri. Muamala wa kusoma ulioachwa wazi siku nzima unailazimisha InnoDB (injini ya MySQL inayotunza majedwali) itunze matoleo ya zamani ya kila mstari uliobadilika ili msomaji yule aendelee kuona picha ya asubuhi, na faili za undo zinavimba. Kwa hiyo mwekee mipaka:

ALTER USER 'mkaguzi'@'10.0.5.%' WITH MAX_USER_CONNECTIONS 3;

na max_execution_time kwa SELECT, ambayo kwenye MySQL inahesabiwa kwa milisekunde. MariaDB inaitwa max_statement_time na ni sekunde, usije ukachanganya ukampa mtu dakika 16 kumbe ulitaka sekunde moja. Bora zaidi mpeleke kwenye replika, akiichosha ichoke ile.

Mlango mwingine ni EXECUTE, ruhusa ya kuendesha prosija, yaani amri za SQL zilizohifadhiwa kwenye seva na kuitwa kwa jina. Prosija iliyoandikwa SQL SECURITY DEFINER, ambayo ndo chaguo la kawaida usiposema kitu, inaendeshwa kwa ruhusa za aliyeiandika na sio za anayeiita. Ukimpa "msomaji" EXECUTE kwenye duka.*, na kuna prosija iliyotengenezwa na root inayofuta mauzo ya zamani, msomaji wako anafuta mauzo. Kama lazima apewe, mpe EXECUTE ya prosija moja moja kwa jina.

Naweza kuifunga databesi moja tu, zingine ziendelee?

Kuanzia MySQL 8.0.22 ndio:

ALTER DATABASE duka READ ONLY = 1;

Inamfunga kila mtu hata root, mpaka irudishwe 0. Inafaa sana ukiwa unahamisha databesi ya mteja mmoja kwenye seva yenye wateja wengi. Haiandikwi kwenye logi ya binari (ile ambayo replika zinaifuata), kwahiyo replika hazitajua, na huwezi kuifanya kwa databesi za mfumo kama mysql au performance_schema.

Kwa muamala mmoja kuna START TRANSACTION READ ONLY; ukijaribu kuandika ndani yake unapata 1792. Nzuri kwa skripti za ripoti, unajizuia mwenyewe.

Yuza wa bakapu anahitaji nini?

Kwa mysqldump: SELECT, SHOW VIEW, TRIGGER, na LOCK TABLES kama hutumii --single-transaction. Kwenye majedwali ya InnoDB itumie hiyo --single-transaction, hakuna haja ya kufunga watu. Tangu 8.0.21 mysqldump inadai pia PROCESS ya kiwango cha *.*, na bakapu nyingi zilikufa kimya baada ya apdeti kwa sababu hiyo. Dawa sio kumpa PROCESS, ongeza --no-tablespaces kwenye amri na itapita. Hakuna sababu yoyote ya bakapu kuingia kama root, na paswedi ya root kukaa kwenye kron (kipanga kazi cha Linux) ndo kabisa.

Nimeipandisha replika iwe seva kuu na haiandikiki.

Hakikisha kwanza ile seva kuu ya zamani imekufa kweli au imefungwa, hili ni muhimu kuliko yote, seva mbili zinazoandikwa kwa wakati mmoja ni msiba. Alafu STOP REPLICA; na SET GLOBAL read_only = OFF; na kama ulitumia PERSIST au my.cnf badilisha na huko pia, la sivyo restati ijayo inakurudisha palepale.

Kwenye Amazon RDS hupewi SUPER, kwahiyo SET GLOBAL ya read_only haitakubali, kule inabadilishwa kwenye kundi la vigezo, na kwa kawaida thamani yake inajiweka yenyewe kulingana na kama seva ni replika au la. Kwenye Group Replication (seva kadhaa za MySQL zinazofanya kazi kama kundi) seva zisizo kuu zinawekewa super_read_only na mfumo wenyewe, usiziguse kwa mkono, ukiona imewaka pale basi kuna sababu, pengine seva imetolewa kwenye kundi.

read_only ni OFF, super_read_only ni OFF, ruhusa zipo, na bado haiandiki!

Hapa shuka chini ya MySQL. Linux ikigundua hitilafu kwenye diski mara nyingi inageuza mfumo wa mafaili kuwa wa kusoma tu ili kuzuia uharibifu, na MySQL itatoa kosa lenye errno: 30. Angalia dmesg na amri ya mount. Hii sio ya kurekebisha kwa SQL, ni diski inakuaga, toa bakapu kwanza kabla hujarestati chochote.

Nyingine ni innodb_force_recovery iliyoachwa kwenye my.cnf na fundi aliyekuja kufufua seva. Ikiwa zaidi ya 0 InnoDB inakataa INSERT, UPDATE na DELETE. Na 1036, inayosema jedwali ni read only, mara nyingi ni mtu alikopi mafaili ya databesi akiwa root wa Linux na sasa mwenyewe wa mafaili sio yuza wa mysql.

Nahamisha tovuti ya WordPress, niweke read_only wakati nakopi?

Wasomaji wa kurasa wengi hawataona kitu, lakini kuingia kutagoma, kwa sababu WordPress inaandika tokeni ya sesheni kwenye wp_usermeta kila mtu anapoingia. Maoni na oda navyo havitapita. Kwa blogu usiku sio shida, kwa duka weka ukurasa wa matengenezo kabisa.

Na PostgreSQL?

Dunia nyingine. Kuna default_transaction_read_only, lakini yuza yeyote anaweza kuandika SET default_transaction_read_only = off; kwenye sesheni yake na kuendelea, kwahiyo kule ndo hasa usiihesabu kama ulinzi. Isiyorukwa ni replika ya kweli, na unaijua kwa SELECT pg_is_in_recovery(); Ikijibu t basi hata superuser haandiki, atapata kosa lenye kodi 25006. Kwa wasomaji, tangu toleo la 14 kuna pg_read_all_data tayari imetengenezwa. Ukitaka finyu zaidi, GRANT SELECT ON ALL TABLES inagusa majedwali yaliyopo tu, ya kesho hayamo, mpaka uongeze ALTER DEFAULT PRIVILEGES, na hiyo nayo inahusu majedwali yatakayotengenezwa na yule uliyemtaja, kwahiyo mkiwa na watengenezaji watatu ni amri tatu. Na kama uko chini ya toleo la 15 mnyang'anye PUBLIC (yaani kila yuza) ruhusa ya CREATE kwenye skima ya public, vinginevyo "msomaji" wako anaweza kujitengenezea majedwali.

Kabla sijampa mtu paswedi nihakikisheje?

Ingia kama yeye, kutoka kwenye mashine atakayotumia yeye, sio kutoka localhost. Andika SELECT CURRENT_USER(). Alafu SHOW GRANTS. Usome kila mstari. Jaribu kuandika kwenye jedwali la majaribio ndani ya databesi hiyohiyo: unatafuta 1142. Ukipata 1290 bado hujathibitisha kitu kuhusu yuza, maana uko kwenye replika na pale kila yuza wa kawaida anakataliwa, rudia jaribio kwenye seva kuu.